Ananipa milioni tatu nisaini niondoke, nizichukue nianzie biashara?

Swali: Shikamoo dada. Mimi nina miaka 38, naishi Kibaha, watoto watatu (form two, darasa la tatu na mdogo ana miaka 4). Tumefunga ndoa ya kiislamu 2008. Wiki mbili zilizopita mume wangu amenipa talaka moja kwa karatasi. Sasa kaka yake anakuja kila siku kunambia nihame kwa sababu nyumba ni ya mdogo wake, kiwanja kina jina lake. Juzi wamekuja na karatasi, wanasema nikisaini kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba sina madai yoyote napewa milioni 3 taslimu. Mimi sina kazi, huwa nachoma chapati asubuhi nauza hapa hapa mtaani. Jirani yangu anasema nichukue hiyo hela niende Kariakoo nikachukue vitenge vya jumla, na ikipungua kuna watu wa mikopo wanatoa siku hiyo hiyo. Nyumba ya jirani kama yetu iliuzwa mwaka jana milioni 38 lakini mimi nachotaka ni amani tu. Nianze na biashara gani? Na binti yangu mkubwa ananiuliza kama atahamishwa shule, nimjibu nini?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nimesoma swali lako mara tatu na kila nikifika pale ulipoandika "mimi nachotaka ni amani tu" nasimama, maana hilo neno nimelisikia kwa wanawake wengi sana nilokaa nao kwenye vikundi na kwenye meza ya msaada wa kisheria, na mara nyingi linakuja siku moja kabla mtu hajasaini kitu ambacho atakijutia miaka kumi. Kwahiyo kabla ya vitenge, kabla ya chapati, naomba hili ulishike: ile karatasi usiisaini. Hata wakija na mwenyekiti, hata wakija na mama mkwe analia, waambie nimesikia, nitatoa jibu nikishapata ushauri, basi, usigombane na mtu.

Umeniuliza biashara. Ntakujibu ya biashara na ntakujibu kwa hesabu kabisa, lakini biashara ni swali la tatu. La kwanza ni nini chako katika hicho mlichochuma miaka yote hiyo. La pili ni mwezi wako mmoja unakula shilingi ngapi. Mtu akianzia la tatu anakuwa amechukua mtaji mdogo akauweka kwenye tumbo kubwa.

Tuanze na hapo ulipolala. Uko kwenye eda, ule muda wa kusubiri baada ya talaka. Talaka moja ni rejea, yaani mume anaweza kukurudia, na mwanamke aliye kwenye eda ya talaka rejea makazi na matunzo yake yako juu ya mume mpaka eda iishe, ambayo kwa mwenye kupata hedhi ni twahara tatu. Hii sio ya kwangu, ipo kwenye Qur'ani, Surat At-Talaq aya ya kwanza kabisa, inasema msiwatoe katika nyumba zao wala wao wasitoke. Shemeji yako anayekuja kukutoa na mabegi anakwenda kinyume na dini hiyo hiyo iliyotumika kukuandikia talaka, na unaweza kumwambia hivo kwa adabu kabisa mbele ya imamu wa msikiti wenu. Na kama kwenye mahari kuna kiasi hakulipwa, hilo ni deni lako, liandike pembeni na tarehe. Sasa angalizo: haya nasema kama upo salama. Kama kuna kupigwa au kutishiwa, toka na watoto, nenda dawati la jinsia na watoto hapo kituo cha polisi, kama umeumizwa chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe, nyumba haikimbii.

Sasa ya nyumba. Wanakwambia kiwanja kina jina lake kwahiyo wewe huna kitu. Hii ndio kauli iliyowatoa wanawake wengi majumbani na ni nusu ya ukweli. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali ikiwa na jina la mmoja inachukuliwa ni yake, ila hiyo ni dhana tu, inapingwa kwa ushahidi. Na kifungu cha 114 kinaipa mahakama nguvu, inapovunja ndoa, igawe mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Inaangalia kila mmoja alichangia nini, kwa pesa, kwa mali au kwa kazi, inaangalia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, inaangalia mahitaji ya watoto wadogo, na baada ya hapo sheria inasema mizani ielemee kwenye usawa. Sikuahidi nusu, mwanasheria anayekuahidi nusu kabla hajaona karatasi zako mkimbie. Lakini kutoka sifuri mpaka kitu ni safari ambayo milioni tatu haiilipi.

Na kazi za nyumbani je? Hapa lazima nikupe kisa cha Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Huyu mama kule chini aliambiwa alikuwa mke tu, hakuchangia. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikasema hapana, kupika, kufua, kulea, kutunza nyumba ni mchango kwenye mali ya ndoa. Toka siku hiyo kila mwanamke wa Tanzania bara anayeingia mahakamani na mikono yake mitupu anaingia akiwa amesimama juu ya mabega ya Bi Hawa. Ila wengi wakisimulia wanaishia hapo, mimi naomba usikie mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupewa mgao. Mahakama iliona mume alishampa hela za mradi wa familia na zikatumika zikaisha bila mradi kuonekana, ikasema fungu lake alishalipata. Alishinda hoja, mgao akakosa. Ndio maana nakuzuia usipokee hizo milioni 3 hivi hivi, maana kesho kutwa zitasomwa mbele ya hakimu kwamba ulishalipwa fungu lako, tena ukasaini mwenyewe mbele ya mwenyekiti.

Nunua daftari la kurasa mia, kaa usiku watoto wakilala, uandike nyumba ilivyojengwa kuanzia siku ya kiwanja. Kiwanja mlinunua mwaka gani, nani alikuwepo, mauziano yako wapi (piga picha, itume kwenye simu ya mtu unayemwamini). Msingi ulichimbwa na fundi gani, namba yake. Nani alikuwa anamwaga maji kwenye tofali asubuhi na jioni, nani alikuwa anawapikia mafundi, mlipofika renta hela iliisha mkakaa muda gani na hela ya kupaua ilitoka wapi. Kuna mama mmoja nilikaa naye hivi hivi, alikuja anasema mimi sikuchangia chochote, tukaandika mpaka saa nane mchana ikaonekana mabati ishirini na sita yalitoka kwenye mchezo wake wa kina mama, na kijumbe alikuwa bado ana daftari la mwaka ule na jina lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu siku aliyopokea. Alikuwa amesahau kabisa! Hela za chapati zako zimekwenda wapi miaka yote hii? Zimekula chumvi, sabuni, ada ya chekechea, ili mshahara wa mwenzio uende kwenye tofali. Huo ni mchango, uandike. Meseji za kumtumia hela kwenye simu usifute hata moja. Na kama kuna bajaji, pikipiki, kiwanja kingine, vyote viandike hata kama kadi ina jina lake.

Njia yake iko hivi. Talaka ya karatasi peke yake haigawi mali. Unakwenda baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa ninyi waislamu BAKWATA wana lao, au la kata, mnaitwa wote wawili, ikishindikana mnapewa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Hiyo hati iwe haijazidi miezi sita unapofungua shauri, kwahiyo usiipate ukaiweka kwenye sanduku. Ndoa ikiwa ya waislamu wawili, baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha na baada ya hapo talaka ikatolewa, mahakama inaichukulia ndoa imevunjika, mnaingia kwenye mali na watoto. Shauri unafungua mahakama ya mwanzo hapo hapo wilayani, huhitaji wakili wa gari kubwa. Msaada wa bure upo: TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, ukimuuliza afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuelekeza aliye karibu. Na ukisikia fununu nyumba inatafutiwa mteja, usisubiri, nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wakati ndoa bado ipo, unaweza kuweka zuio ofisi za ardhi, na kama kiwanja hakijapimwa peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala ibaki kwako imegongwa muhuri. Ukishaiona barua imegongwa muhuri hata usingizi unarudi kidogo.

Haya, swali la pili, mwezi wako. Hebu tuzichukulie hizo milioni 3 kama zipo mkononi na umehama. Chumba na sebule Kibaha tuseme 80,000, mwenye nyumba anataka miezi sita, 480,000, dalali anataka ya mwezi mmoja, 80,000. Tayari 560,000. Godoro, jiko, gari ya kuhamisha, 250,000 ukijibana. Watoto watatu sare na madaftari 200,000. Chakula na mahitaji 10,000 kwa siku miezi mitatu mpaka biashara ishike, 900,000. Jumla 1,910,000. Umebakiwa na milioni moja na tisini elfu, na hapo hakuna mtoto aliyeumwa. Kwahiyo hiyo unayoiita milioni tatu ya mtaji ni milioni moja, na umeibadilisha na madai ndani ya nyumba ambayo mwenzake kauzwa milioni 38. Sikuonyeshi hii kukutisha, nataka uione kwa macho yako kabla mtu hajakuhesabia noti mezani, maana noti zikishawekwa mezani akili inahama.

Sasa vitenge. Jirani yako hana nia mbaya na kweli wapo wanaoishi kwa vitenge, ila vitenge vinakwenda kwa kukopesha. Unamwachia mwalimu doti mbili mwisho wa mwezi, nesi doti moja, mke wa mjumbe atalipa mchezo ukimfikia, na mtaji wako unakuwa umelala kwenye makabati ya watu wakati wewe unaamka usiku unatafuta hela ya unga. Mtu mwenye mshahara au mume anayeingiza anaweza kusubiri deni, wewe mwaka huu huwezi. Unahitaji biashara ya leo kwa leo, na unayo tayari, umeifanya miaka, unaijua kwa mikono yako.

Ila chapati zako hujawahi kuzipigia hesabu, nakuhakikishia. Fanya siku moja hivi. Kilo tano za unga, tuseme 9,500. Mafuta lita moja na nusu, 7,500. Mkaa 3,000. Chumvi na mifuko 1,000. Jumla 21,000. Kilo tano zinatoa chapati kama sitini, tano wanakula watoto, zinabaki 55, kwa 500 unapata 27,500. Faida 6,500. Siku 26 ni 169,000 kwa mwezi (bei za kwenu zitakuwa tofauti, weka zako). Sasa umejua kitu ambacho jana hukukijua, kwamba chapati peke yake kwa kiwango hicho hailipi hata ule mwezi tulioupiga hapo juu, na kwahiyo ama uongeze idadi, ama uongeze kitu kwenye meza hiyo hiyo. Maharage na chai kwa mtu yule yule aliyekuja kula chapati inaongeza hela bila kuongeza miguu ya wateja. Kuna mama wa Mbagala alikuwa anauza chapati kwa rejareja tu, akaenda na sahani imefunikwa kitambaa kwenye ofisi mbili na gereji moja, akawaonjesha, wakaanza kuagiza thelathini thelathini kila asubuhi na wanalipa Ijumaa kwa simu. Hakununua meza mpya wala kukodi fremu. Fremu usikodi kabisa mwaka wa kwanza, tafadhali.

Na hiyo 6,500 isiingie kwenye kibubu kimoja na hela ya unga. Bahasha mbili, au laini mbili. Ya unga haiguswi hata kama kuna msiba wa jirani. Hapa ndio biashara nyingi za wanawake zinakufa, na sio uvivu, ni kwamba mtoto anaomba hela ya daftari na hela iliyo karibu ni ya unga wa kesho.

Laini nayo: je hiyo namba unayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Wanawake wengi laini wamesajiliwa na waume zao kipindi kile cha alama za vidole, na siku ya ugomvi mume anaenda kuifunga au kuihamisha, akiba na wateja wote wanakwenda. Kesho asubuhi nenda na NIDA yako ukasajili yako, badilisha namba ya siri, na ukifungua akaunti iwe ya jina lako peke yako.

Mikopo ya siku hiyo hiyo, hapana. Tunaiita kausha damu na jina lake linastahili. Mfano mmoja nilioushika mkononi: mama kakopa 300,000, wakakata 30,000 ya fomu, akaondoka na 270,000, akarejesha 15,000 kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 390,000. Amelipa laki moja na ishirini juu ya hela aliyoishika, ndani ya mwezi mmoja, na faida yako wewe kwa siku ni 6,500, hiyo 15,000 itatoka wapi? Itatoka kwenye unga, halafu kwenye godoro, halafu watakuja kubeba tv. Kama hujawahi kuona mtu anabebewa vitu mbele ya watoto wake, mimi nimeona, sitaki kukuelezea.

Cha kufanya ingia VICOBA, kilichosajiliwa, chenye kina mama wanaojuana. Anza na hisa moja au mbili kwa wiki, hata elfu mbili mbili. Vingi vinatoa mkopo mpaka mara tatu ya hisa zako, riba inabaki kwenye kikundi na inarudi kwenu mkivunja mwisho wa mwaka, na mfuko wa jamii unakusaidia ukiuguliwa. Halafu ipo ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ni za vikundi vya wanawake, hazina riba. Zilisimamishwa 2023 kwa sababu ya hela kutorejeshwa na vikundi hewa, zikarudi, na saivi wanakagua kweli. Kwahiyo kikundi chenu kiwe na shughuli inayoonekana na daftari linaloeleweka. Hii sio ya mwezi huu, ni ya mwakani, lakini mlango wake unafunguliwa na hicho kikundi unachoingia sasa.

Matunzo ya watoto usiyachanganye na mgao wa mali, watu wanayachanganya kwa makusudi. Hata ungepata nyumba nzima, baba bado anadaiwa matunzo ya watoto wake, chakula, mavazi, matibabu, elimu. Hiyo ipo kwenye Sheria ya Ndoa na kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Ukianza ustawi wa jamii wanaweza kumuita mkakubaliana kiasi na tarehe, kiandikwe, kitumwe kwenye simu ili kibaki na ushahidi, asikuletee mkononi. Huyu mdogo wa miaka 4, sheria inaanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, japo inaweza kupingwa. Wasikutishe naye.

Pengine unajisikia aibu kwenda mahakamani kumdai mtu uliyezaa naye. Sitakwambia usijisikie hivo, miaka hiyo yote sio mchezo na naamini ulimpenda. Lakini huendi kumdai, unakwenda kuhesabiwa kazi yako. Tofali ulizozimwagia maji zipo ukutani mpaka leo.

Binti yako sasa. Kaa naye leo, usisubiri. Mwambie hatahamishwa shule. Kama yuko ya serikali ada hakuna toka 2016 mpaka form four, kilichopo ni michango ya chakula na mambo madogo madogo, hiyo iandike kabisa kwenye orodha ya matunzo utakayopeleka ustawi, kiasi kwa muhula. Mtihani wa form two ni mwaka huu, mwombe mwalimu wa darasa aongee naye pembeni, walimu wa kike wanajua kuongea na watoto wa namna hii. Asikusaidie kuchoma chapati alfajiri mpaka amalize mitihani hata kama atajitolea, na atajitolea, watoto wa kwanza wa kike wako hivyo. Baraza wanafungua Jumatatu asubuhi, nenda na cheti cha ndoa, ile karatasi ya talaka na nakala mbili mbili za kila kitu, hizi original usimwachie mtu.